Na Maji Ulileta?

Dada Nyangeta,

Safari hii sikuulizi hali. Kalamu ilitaka kuanza hivyo yenyewe, kama ilivyozoea, nikaizuia.

Nimekaa nje ya chumba changu hapa Buhemba, Jumamosi mchana, mgongo ukutani, daftari juu ya goti. Umeme umekatika na karasha zote zimenyamaza. Mtu akiishi miaka sita na kelele za mashine za kusaga mawe, kimya kinamtisha. Naogopa, dada. Niseme mapema nisije nikakuzungusha. Wewe ndiye uliyeniambia niandike ninapoogopa. "Andika kwanza, Bwire. Hofu ikiwa kichwani haina mwisho. Ikiwa kwenye karatasi utaiona inaishia mstari gani." Mimi ni wa darasa la tano, na mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima. Utanivumilia.

Hofu yenyewe ni hii. Kesho mchungaji wa Bunda anakuja hapa kunisimika kuwa mwinjilisti wa machimbo. Anakuja na vijana kutoka Musoma, ishirini na kitu, wako kwenye safari yao ya wiki nzima. Sisi tuliita safari ya injili, wao wanasema misheni. Jana wamelala Butiama. Binti yako Rehema yumo. Na kabla sijawekewa mikono natakiwa kusimama mbele yao nieleze nilivyoitwa na Mungu. Mchungaji alinipigia simu Jumatatu. "Mtumishi, dakika kumi tu. Vijana wanahitaji kusikia wito ulivyokujia ukiwa na umri wao."

Nikasema sawa. Alipokata, simu ilinianguka kwenye tope.

Wewe unajua kwa nini. Ni wewe peke yako niliyekuambia, na siku tisa baadaye ukafa.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikikurupuka hivi nitajichanganya mwenyewe.

Lile lori unalikumbuka. Mwezi wa sita, shule zimefungwa, upande wa Bunda wanavuna pamba. Vijana kumi na mmoja kutoka kwetu Majita, tumesimama nyuma, vumbi mpaka kwenye kope, wewe, dada yetu wa kanisa na kiongozi wa kwaya, umekaa chini umeikumbatia ngoma isije ikapasuka kwenye mashimo. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, mimi kumi na saba. Sikuchukuliwa kwa sababu ya wokovu. Nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa na mgongo. Mama mmoja wa kanisa alikuuliza mbele yangu, "Na huyu naye? Sala ya Baba Yetu yenyewe anaishiaga kwenye mkate." Ukamjibu, "Ngoma haijibebi, mama."

Tukafikia kijiji chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Mpango wako ulikuwa kwamba asubuhi tuvune pamba na wenyeji na alasiri tuimbe na kuhubiri. Ulisema mtu hawezi kukusikiliza mdomo kama hajaona mkono wako. Sisi watu wa ziwa tulijua kutoa furu kwenye wavu bila kuchomwa na mwiba, lakini pamba ilituaibisha. Vikombe vyake vikavu vilituchana vidole mpaka nyeupe ikawa na madoa mekundu. Yule bibi mwenyeji wetu alishika kiuno akacheka. "Hawa ndio wamekuja kutuokoa? Watuokoe kwanza na hii pamba." Ulicheka kuliko yeye. Jioni ile ulitupaka vidole mafuta ya taa, mmoja mmoja, ukimwita kila mtu jina.

Siku ya nne ilikuwa ndani ya ghala la pamba. Watu walikuwa wamejaa, bati limewaka kwa jua. Mchungaji wa wakati ule alihubiri sana. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimeegemea lundo la pamba, na pamba, dada, ukiiegemea umechoka, inakumeza. Kichwani sikuwa na Mungu. Nilikuwa na mkokoteni. Asubuhi mwenye boma alikuwa amesema kijana mmoja ataenda lamboni na mkokoteni wa ng'ombe kuleta maji, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimeendesha kasia tu. Niliutaka ule mkokoteni kama mtoto anavyotaka kitu. Nikasinzia nikiuwaza. Nikashtuka nasikia sauti kubwa mbele:

"Nani yuko tayari kwenda?"

Nikanyoosha mkono kabla sijafungua macho vizuri. Niliunyoosha mpaka juu ili Masatu, mwenzangu wa kwenye lori aliyeutaka mkokoteni ule ule, asiniwahi.

Ghala likapasuka kwa haleluya. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikawaza, watu hawa kumbe wana kiu kweli. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea kiganja kichwani, kizito, cha moto. Wewe ulikuwa unalia. Ulinishika bega ukasema, "Nilijua. Tangu siku unaipandisha ngoma kwenye lori, nilijua." Nikasema amina. Ningesema nini? Nilikuwa bado nasubiri nionyeshwe ng'ombe wamefungwa wapi.

Nilipoelewa nilikuwa nimeshaombewa, nimeshaandikwa jina. Nikatoka nje kwa aibu. Mkokoteni ulikuwa pale pale, hakuna aliyeenda, wote walikuwa ndani wanaimba kwa ajili yangu. Nikaenda mimi. Wakati wa kurudi ng'ombe walikimbia, nikang'ang'ania kamba nalia kwa sauti, pipa likamwaga nusu njiani. Nusu iliyobaki mlipikia ugali. Hukuniuliza nilikuwa wapi.

Unajua yaliyofuata, uliyafanya wewe. Jumapili tuliporudi ulinisimamisha mbele ya kanisa zima. Ukanipa Biblia yako. Miezi mitatu, kila alasiri ukitoka kwenye cherehani, ulinisomesha herufi upya kwa kidole chenye alama za sindano. Ningekwambiaje? Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Mama yangu aliacha kunifokea. Watu walianza kuniletea wagonjwa wao niwaombee, mimi niliyenyoosha mkono kwa ajili ya ng'ombe. Na ajabu ni kwamba nilienda. Nilikuwa naogopa kukataa kuliko nilivyoogopa kwenda.

Ndivyo nilivyoishi. Nyavu ziliporudi tupu miaka ile nikatoka ziwani nikaja huku. Si mbali kwa gari, lakini kwa mtu ambaye hakurudi na kitu ni mbali sana, nyumbani sijaenda tangu nije. Siku ya kwanza waliniambia nipeleke mawe mwaloni, nikauliza kwa furaha, "Kuna samaki?" Walicheka mpaka wakakaa chini. Kwetu mwalo ni ufukwe wa kushushia samaki, huku ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Sikujua kama neno la kwetu linaweza kumfuata mtu likiwa limebadilika sura.

Kazi yangu ni ya juu. Nashika kamba kwenye mdomo wa duara, yaani shimo lenyewe, napandisha viroba vya mawe, nashusha matimba ya kuzuia udongo, nashusha maji. Mwezi wa kwanza tu mtu wa kwetu akanitambua. "Wewe si ndiye yule aliyeitwa kule Bunda? Tuombee bwana, sisi tunashuka." Nikaomba. Tangu siku hiyo hawashuki bila mimi kuomba. Asubuhi wanavua kofia, wanainama, Mkurya, Mjita, Msukuma, hata asiyeamini kitu anainama. Miaka sita. Sijawahi kusikia sauti, dada. Hata moja. Nawasikia wao tu wakisema amina.

Halafu ukaugua.

Nilikuja kwako Kigera, pale Musoma, na vumbi la huku kwenye nywele. Nilipita Iringo nikanunua machungwa, nikijua huwezi kuyala. Ulikuwa umebaki macho. Jirani yako alikuwa ameketi pembeni, na wewe ukamwambia kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, "Huyu ndiye tunda langu la Bunda. Tulienda wiki moja, nikarudi na huyu." Ukatabasamu. Na mimi moyo ukashindwa. Niliona unakwenda mbele za Mungu umebeba tunda la uongo mkononi, na atakuuliza, na utaaibika kwa ajili yangu. Jirani alipotoka kuchemsha chai nikakuambia yote. Mkokoteni, usingizi, Masatu. "Dada, nilidhani wanasema maji."

Ulikuwa umeshika chungwa moja, unalizungusha. Kisha ukaniuliza:

"Na maji ulileta?"

Nikasema nilileta, nusu pipa, mengine yalimwagika.

"Basi."

Ukageukia ukutani.

Nimekaa na neno hilo moja tangu siku ile kama mtu aliyemeza mfupa. Nimelikwepa mdomoni, na katika barua hii ulikuwa hujaliona mpaka hapa. Maana sijui ulinipa ipi. Kuna basi ya mama anayemfuta mtoto machozi. Kuna basi ya mtu aliyeshiba anayerudisha sahani. Na kuna ile ya baba yangu akimfukuza mtu uani, basi, tusijuane. Nilikutazama mgongo nikisubiri ugeuke niione sura nijue. Jirani akaleta chai. Ulikuwa umelala, au ulijifanya. Nikaondoka niwahi kazi. Siku tisa.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma. Kwaya yako iliimba polepole mno, hakuna wa kuwaharakisha sasa. Rehema alinitafuta katikati ya watu, macho yamevimba. "Mjomba Bwire, mama alisema wewe ndiye tunda lake." Dada, sikumuuliza alisema lini. Kabla ya machungwa yale au baada. Swali dogo tu, na nimeliogopa mpaka leo. Nilimshika mkono nikampa pole nikakimbilia gari.

Ana bidii, huyo mtoto. Cherehani yako anashona yeye, na vitenge vya watu ulivyoacha nusu amevimaliza vyote na kuvirudisha kwa wenyewe. Sasa ana miaka kumi na saba. Umri ule ule. Kesho atakaa mstari wa mbele ananitazama.

Na lililonivunja kabisa ni hili. Wiki tatu baada ya kukuzika, niliomba asubuhi kama kawaida, wakashuka. Kabla ya saa sita ukuta wa upande mmoja ukaanguka. Marwa akabaki ndani. Ni Mkurya mmoja mkubwa, mtani wangu, ananiitaga mtu wa dagaa. Wenzake walichimba kwa mikono na mabeseni, mimi nikiwa juu nimeshika kamba ambayo ilikuwa haivutwi na mtu. Nilisubiri ivutwe. Jua lilipoanza kushuka ikavutwa. Alitoka hai, mkono wa kushoto umepoteza vidole viwili. Watu walisema Mungu mkubwa. Mimi nilikuwa nimepata jibu lingine: haya ndiyo maombi ya mtu ambaye hakuitwa. Wanashuka kwa kuamini mkono ulionyooshwa kwa makosa.

Tangu siku hiyo sikuomba tena. Niliwaambia koo linaniuma. Nilifunga hata kitambaa shingoni. Wakawa wanashuka kimya kimya, wanatazamana tu, na mimi nakaa juu nasikiliza udongo. Kila kijiwe kikiteleza nakaza kamba. Mikono imeota malengelenge kwa kushika kamba kwa nguvu hata isipokuwa na kazi.

Juzi Alhamisi Marwa alirudi kazini kwa mara ya kwanza. Akaja moja kwa moja kwangu, mkono umefungwa.

"We mtu wa dagaa. Nasikia koo lako lina wiki nyingi. Hata ng'ombe akimeza gunzi anaponaga."

Nikasema bado linauma.

"Haliumi. Chai nimekuona unainywa inatoa moshi."

Wenzake wakacheka. Akawafukuza kwa mkono ule mzima, wakasogea. Akachuchumaa karibu yangu pale kwenye mdomo wa duara, akasema taratibu, na Marwa hasemi taratibu, "Sasa nisikilize. Siku ile kule chini sikukumbuka neno hata moja uliloomba. Hata moja. Nilikuwa nasema tu, yule Mjita yuko juu. Hajaondoka. Kamba anayo."

Nikamwambia, "Marwa, siwezi kuomba. Siyo koo. Siwezi."

Akanitazama. Nilidhani atanitukana.

"Basi, usiombe. Kaa."

Akashika kamba kwa mkono mmoja na nusu, akashuka.

Nyangeta, ni neno lako lile lile. Hakusema kwa hasira. Hakusema kwa kunifukuza. Alilisema kama mtu anayeweka mzigo chini mahali panapofaa. Sikuwahi kufikiri kama neno hilo lina sauti hiyo.

Saa sita nikashusha dumu la maji. Likafika, kamba ikavutwa mara mbili, ndiyo alama yetu, maji yamefika. Na nikiwa nimeinama pale nikasikia swali lako, si kwa muujiza, nililikumbuka tu kama ulivyouliza, na macho yako juu ya chungwa. Na maji ulileta? Hukuuliza kwa nini nilinyoosha mkono. Hukuuliza nilisikia nini. Uliuliza maji. Labda siku ile ghalani Mungu naye alikuwa anauliza maji, na waliokosea ni wale waliodhani ni jambo kubwa zaidi. Sijui. Mimi si mtu wa kujua hayo. Ninajua kwamba ile wiki moja nilienda kubeba ngoma na mpaka leo sijaweza kuiweka chini.

Lakini usifikiri hofu imekwisha. Imeishia mstari huu tu, kama ulivyosema, na mstari unaofuata inaanza nyingine. Ipo ya mchungaji, anaweza kukunja karatasi yake akasema huyu hakuitwa, na atakuwa na haki. Ipo ya Rehema. Yeye ameambiwa maisha yake yote kwamba mama yake alienda Bunda akarudi na tunda, na mimi nitasimama niseme tunda lilikuwa limelala usingizi. Sijui atanitazamaje. Naogopa macho yake kuliko ya mchungaji. Na ipo ya hao vijana wenyewe. Nikiwadanganya kwamba wito ni sauti na machozi, yuko mmoja kati yao ambaye hatasikia chochote, atarudi Musoma akiamini Mungu amempita. Huyo ndiye atakayenishtaki.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho nitaanza na pamba. Nitasema joto, nitasema usingizi, nitamtaja Masatu na ule mkokoteni, wacheke wakitaka kucheka. Sitapamba. Nitasema niliogopa miaka yote hii na bado naogopa. Nikimaliza, nitamtafuta Rehema, nitamuuliza lile swali, mama alisema lini. Akisema ni kabla, nitalibeba. Nitamwonyesha hii barua, asome mwenyewe ulivyogeukia ukutani. Ni mama yake.

Na mahubiri yakifika pale pa kuuliza nani yuko tayari, mimi nitamtazama aliye nyuma kabisa, aliyesinzia. Akinyoosha mkono, baadaye nitamfuata taratibu nimuulize alidhani wanasema nini. Kisha nitampa kazi hiyo hiyo aliyodhani.

Umeme umerudi, karasha zinaanza. Naona vumbi linapanda upande wa barabara ya Butiama, sijui ni wao wamewahi au ni lori la mawe. Pumzika, dada. Uliyemchukua kwa sababu ya mgongo, mgongo bado upo.

Wakinikataa kesho, Jumatatu nitakaa kwenye mdomo wa duara, nitashika kamba, nitawashushia maji. Wakinikubali, Jumatatu nitakaa kwenye mdomo wa duara, nitashika kamba, nitawashushia maji.

Basi.

Mdogo wako,
Bwire